Mbio Katika Mabonde ya Mchanga

Msomaji, ukitaka kuijua nchi ya Ukambani usiipite ndani ya motokaa. Ondoka Wote alfajiri, kabla jua halijaanza kuuma, ushuke bondeni kwa miguu yako. Na kama kifua chako kina nguvu, kimbia. Njia ni nyembamba, imechimbwa na kwato za mbuzi. Hushuka ghafula, hupita kati ya migunga yenye miiba, hupanda mwamba, hushuka tena. Kisha hukutupa ndani ya mchanga unaomeza mguu mpaka kifundoni. Mahali hapo mkimbiaji hodari hugeuka mtembezi. Mbele yako ni Mto Kaiti, utokao katika vilima vya Kilungu ukaenda kuutafuta Mto Thwake; nao Thwake huenda kuutafuta Athi, na Athi, kwa jina la Galana na la Sabaki, huenda kuingia baharini karibu na Malindi.

Nimeuita mto. Lakini ukifika hapo mwezi wa Septemba huenda usione maji hata tone. Utaona kitu kama barabara pana ya mchanga, inayong'aa katika mwanga wa jua, imepinda baina ya kingo mbili, na juu yake nyayo za ng'ombe, za punda na za watoto. Mgeni akiambiwa ya kwamba huu ni mto hudhani anafanyiwa mzaha. Kumbe amesimama juu ya maji, naye hana habari. Habari ya maji hayo, na ya watu waliokwenda mbio kuyatafuta, ndiyo ninayotaka kukueleza. Maana sehemu kubwa ya historia ya Ukambani imo ndani ya mchanga huo.

Yako mabonde mengine duniani ambayo watu hushindana mbio ndani yake, na yafaa kutaja moja ili tofauti ionekane. Katika nchi ya Wales, magharibi ya kisiwa cha Britania, liko bonde la Mto Elan. Kati ya mwaka wa 1893 na mwaka wa 1904 bonde hilo lilizibwa kwa kuta kubwa za mawe, maji yakakusanyika yakawa maziwa, nayo yakapelekwa mwendo wa kilometa 118 mpaka mji wa Birmingham pasipo pampu, kwa mteremko wa nchi tu. Watu wapata mia moja waliokuwa wakiishi bondeni walihamishwa. Siku hizi wapendao mbio za nyikani hupanda na kushuka kando ya maziwa ya namna hiyo katika matope, ukungu na upepo wa baridi, na taabu yao ni kubwa kweli. Lakini maji huwa mbele ya macho yao tangu mwanzo wa mbio hata mwisho. Mkimbiaji wa Kaiti yuko katika hali nyingine. Ghala lake la maji liko chini ya nyayo zake, nalo halina uso unaometameta. Asiyefundishwa aweza kufa kwa kiu akiwa amelikanyaga.

Jambo lenyewe huwa hivi. Ukambani hupata mvua mara mbili kwa mwaka: ya kwanza tangu Machi mpaka Mei, ya pili tangu Oktoba mpaka Desemba, na hiyo ya pili ndiyo wakulima huitumainia zaidi. Ikinyesha vilimani hunyesha kwa nguvu. Maji huteremka kwa kishindo, huchukua udongo, matawi na mawe, huujaza mto kutoka ukingo hata ukingo kwa muda wa saa chache, kisha huenda zake. Mtu aliyezuiwa na mto asubuhi aweza kuuvuka jioni bila ya kulowa magoti. Walakini maji yote hayakwenda. Udongo mwepesi uliendelea na safari. Mchanga, kwa kuwa ni mzito, ulituama, na kati ya chembe na chembe maji yakabaki. Jua hukausha tabaka la juu tu, na chini ya hapo nguvu zake hupungua mpaka zikaisha. Ng'ombe hawawezi kuyatibua maji yaliyofunikwa hivyo, wala mbu hawezi kutaga mayai ndani yake. Katika ndoo kumi za mchanga uliolowa sawasawa zaweza kuwamo ndoo tatu, pengine hata nne, za maji. Mtu wa Ukambani hakuambiwa habari hii na wataalamu. Aliijua kwa kuchimba kwa mikono yake, na wanyama waliijua kabla yake.

Mgeni mmoja alifundishwa somo hilo kwa njia ngumu sana. Jina lake ni Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kiingereza. Alifika Mombasa mwaka wa 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Miaka miwili baadaye alifanya makao Rabai pamoja na mwenzake, Johannes Rebmann. Rabai ilikuwa mlangoni pa njia ya Wakamba. Misafara yao ilishuka kutoka bara, watu mamia kwa pamoja, wamechukua pembe za ndovu mabegani. Wakarudi na nguo, shanga, chumvi na nyaya za shaba. Kati ya wafanyabiashara hao hakuna aliyekuwa na jina kubwa kuliko Kivoi wa Mwendwa, ambaye makao yake yalikuwa Kitui. Neno lake lilisikika pwani na bara.

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1849 Krapf alifunga safari ya kwanza kwenda Ukambani. Alipita Kikumbulyu, upande ambao leo ni wa Kibwezi katika Kaunti ya Makueni, akafika kwa Kivoi akapokewa vizuri. Tarehe 3 Desemba, mawingu yalipofunguka, aliuona kwa mbali Mlima Kenya na theluji yake. Wako mabwana wa elimu huko Ulaya, wasiopata kukanyaga Afrika ya Mashariki hata siku moja, waliokataa kusadiki ya kwamba theluji yaweza kukaa karibu na ikweta. Lakini hiyo ni hadithi nyingine, tuiache.

Safari inayotuhusu ni ya pili, ya mwaka wa 1851. Krapf alitoka Rabai mwezi wa Julai kwa nia ya kufungua kituo cha misheni huko Yatta. Mambo ya Yatta hayakutengemaa, naye akaenda tena kwa Kivoi. Mwezi wa Agosti Kivoi alikuwa akienda upande wa kaskazini, kwenye Mto Tana, kutafuta pembe zake, na Krapf akafuatana naye. Basi tuondoke Makueni kwa kitambo, msomaji, twende nao huko, maana nchi iliyo kati ya Kitui na Tana ni ndugu wa nchi ya Wote: pori kavu, mawe, miiba na mito ya mchanga.

Tarehe 27 Agosti, walipokuwa wameukaribia mto, watu wenye silaha walitokea msituni wakaushambulia msafara. Kivoi aliuawa pamoja na baadhi ya watu wake. Waliosalia wakatawanyika porini. Krapf alifyatua bunduki yake mara mbili, lakini hewani, kwa kuwa hakutaka kumwaga damu ya mtu. Kisha akakimbia. Alikuwa na umri wa miaka 41, na mwili wake ulikuwa umechoshwa na homa za pwani. Alipojaribu kuruka handaki alianguka ndani yake, kitako cha bunduki kikavunjika, naye akaumia kiunoni. Alipoinuka hakumwona mtu, adui wala rafiki. Hakuwa na kiongozi, hakuwa na chakula, hakuwa na maji, na nyumbani kwa Kivoi kulikuwa mbali.

Fikiri, msomaji, ungefanya nini? Watu wengi wangerudi mbio kule walikotoka. Krapf alifanya jambo la akili zaidi, ijapokuwa lilimpeleka upande wa hatari: alikwenda kwanza mtoni. Alikunywa akashiba. Lakini alikuwa hana kibuyu. Akajaza maji katika mfuko wa ngozi wa darubini yake, akajaza na mitutu ya bunduki, akaiziba kwa nyasi na kwa vipande vya nguo alivyokata katika suruali yake. Sijui kama bunduki imepata kufanya kazi bora kuliko hiyo. Kisha akashika njia ya kurudi, akienda usiku na kujificha mchana. Gizani hakuweza kuisoma dira. Basi akakumbuka upande ambao upepo ulikuwa ukiwapiga wakati wa kwenda. Akageuka, akautaka umpige upande wa pili, akaongozwa nao hivyo kama kipofu aongozwaye na mtoto.

Maji yale hayakudumu. Mfuko wa ngozi ulivuja, na vichaka vilinyofoa nyasi katika midomo ya mitutu, maji yakamwagika bila ya yeye kujua. Kiu ikamkamata, na njaa pamoja nayo. Alijaribu kula majani na mizizi, hata sisimizi. Alipokuwa amekata tamaa alisikia kelele za nyani. Kelele ambazo mkulima huzichukia kuliko zote, kwake zilikuwa kama muziki, maana alijua ya kwamba nyani hawakai mahali pa chini pasipo maji. Akaufuata mto mkavu, na katika mchanga akaona shimo. Nyani ndio waliolichimba, na ndani yake mlikuwa na maji. Alikunywa. Akamimina baruti yake katika kitambaa akaifunga, akaijaza maji ile pembe aliyokuwa akiwekea baruti, akajaza mitutu tena, akaendelea na safari.

Taabu yake haikuishia hapo. Alipofika kwa jamaa za Kivoi walimwuliza swali ambalo ni vigumu kulijibu: rafiki yako amekufa, nawe mbona u hai? Wengine walitaka auawe. Akatoroka usiku, akatangatanga porini, na mwishowe njaa ilimshinda akajitoa mikononi mwao. Baada ya mashauri wakamwacha aende Yatta, na kutoka huko akarudi pwani. Tusiwahukumu haraka jamaa hao. Walikuwa wamepoteza mtu mkubwa kuliko wote, na habari waliyopewa ilitoka katika kinywa cha mgeni aliyekimbia.

Krapf aliandika kitabu cha safari zake, kilichotolewa kwa Kijerumani mwaka wa 1858 na kwa Kiingereza mwaka wa 1860. Kivoi hakuandika kitabu, na kwa sababu hiyo hata kifo chake twakisoma kwa kalamu ya mwingine. Yafaa tukumbuke hayo kila tunaposoma historia ya zamani zile. Krapf aliliona lile shimo la nyani kuwa ni wema wa Mungu kwake, na imani yake tuiheshimu. Lakini mtoto wa Kikamba mwenye miaka kumi asingengoja kelele za nyani. Angetazama mahali ambapo mwamba unakatiza chini ya mto ukazuia maji. Angetazama pindo la mto na mikuyu iliyosimama ukingoni na majani mabichi wakati wa kiangazi. Angepiga magoti akachimba. Elimu hii ndiyo iliyofungua njia ya kwenda pwani. Msafara wenye mamia ya watu hauendi kwa ushujaa peke yake, huenda kwa maji. Kati ya Ukambani na Rabai lilikuwako jangwa la Taru, na mwenye kulivuka alipaswa kujua ngurunga, yaani mashimo ya mwambani yanayohifadhi maji ya mvua, na kujua ni zipi ambazo bado zina kitu. Kiongozi wa msafara aliyekosea hesabu ya siku mbili aliua watu.

Wala safari hizo hazikuanza kwa tamaa ya mali. Wakamba wana neno lao, *kuthuua*, ambalo maana yake ni kwenda kutafuta chakula kwa kubadilishana vitu wakati wa njaa. Nchi ilipokauka, watu waliinuka wakaenda kwa miguu kwa jirani wenye mavuno, wakapeleka mifugo, mishale, dawa na vyombo, wakarudi na nafaka. Njia za njaa ndizo zilizokuwa njia za biashara. Na njaa zenyewe walizipa majina, kama watu wanavyowapa majina watoto. Ile ya mwaka wa 1898 na 1899, iliyokuja pamoja na ndui baada ya tauni ya ng'ombe kupita, iliitwa Ngomanisye, kwa kuwa ilienea kila mahali. Ile ya mwaka wa 1984 iliitwa Nikwa Ngwete, yaani nakufa nikiwa na fedha mkononi, kwa kuwa fedha zilikuwako lakini chakula cha kununua hakikuwako. Majina mawili hayo yaeleza mabadiliko ya miaka 85 kuliko sura nzima ya kitabu.

Sasa turudi upande wa Machakos na Makueni, tuuone mchanga huohuo kwa macho ya serikali ya kikoloni. Mwaka wa 1937 bwana mmoja wa idara ya kilimo, Colin Maher, aliizuru nchi ya Wakamba akaandika taarifa ya kutisha. Aliona vilima vilivyo uchi, makorongo, na mito iliyojaa mchanga, akatabiri ya kwamba nchi inageuka jangwa la mawe. Aliyoyaona yalikuwa kweli. Sababu alizozitaja hazikuwa zote, maana hakusisitiza ipasavyo ya kwamba Wakamba walikuwa wamebanwa ndani ya mipaka, na malisho yao ya zamani yamefungwa au yamepewa walowezi. Serikali iliamua kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Ng'ombe walikamatwa, wakauzwa kwa bei ya kusikitisha. Mwezi wa Julai mwaka wa 1938 watu zaidi ya elfu, wanaume, wanawake na watoto, wakiongozwa na Muindi Mbingu, waliinuka wakaenda Nairobi kumwona Gavana. Walipiga kambi huko kwa majuma kadhaa bila ya kufanya fujo. Muindi Mbingu alikamatwa akapelekwa Lamu kifungoni. Lakini kabla mwaka haujaisha amri ya kuuza ng'ombe kwa nguvu ililegezwa. Safari hiyo ya miguu ni katika zile ambazo mwanafunzi wa Kenya hapaswi kuzisahau.

Makueni yenyewe wakati ule ilikuwa kwa sehemu kubwa pori la mbung'o na vifaru. Serikali ilitaka kuhamishia huko watu waliosongamana vilimani. Mwindaji John Hunter aliajiriwa kuwaondoa vifaru, naye tangu Agosti 1944 mpaka Oktoba 1946 aliwapiga risasi vifaru 996. Isome tena hesabu hiyo, msomaji. Leo mtoto wa Wote akitaka kumwona kifaru hana budi kusafiri mpaka mbugani. Pori lilikatwa, mabwawa ya udongo yakachimbwa, familia zikahamia moja moja, kwa shaka nyingi, maana watu walidhani kwamba wakikubali shamba la serikali watapoteza haki yao kule walikotoka.

Katika miaka ya 1950 maofisa wa maendeleo ya ardhi walijaribu pia jambo jingine: kujenga ukuta kukatiza mto mkavu, si kwa ajili ya kukinga maji tu, bali kwa ajili ya kukinga mchanga. Fikira hii yaonekana kama kichekesho. Bwawa likijaa mchanga, wahandisi wa Ulaya husema limekufa. Hapa bwawa lisipojaa mchanga ndipo husemwa halijazaliwa. Hutafutwa mahali penye mwamba chini na kingo imara. Ukuta wa mawe na saruji hujengwa juu ya mwamba huo, mrefu kuliko mtu au mfupi kuliko yeye kwa kadiri ya mto. Mafuriko huja, huacha mchanga nyuma ya ukuta, na udongo mwepesi hupita juu. Baada ya misimu michache ghala limejaa. Maji hayaishii mchangani tu, huingia pia katika kingo za mto, na visima vya jirani huinuka.

Kazi hii haikushika mizizi mpaka ilipotoka mikononi mwa serikali ikaingia mikononi mwa *mwethya*. Mwethya ni desturi ya Wakamba ya majirani kukusanyika kufanya kazi ya mmoja wao: kulima, kujenga nyumba, kuvuna. Wakati wa ukoloni jina hilo lilichukuliwa likatumiwa kwa kazi za kulazimishwa, na watu wakalichukia. Baada ya Uhuru likarudi kwa wenyewe. Mwaka wa 1978 Joshua Mukusya na majirani zake walianzisha kikundi cha Utooni huko Machakos, wakajenga mabwawa ya mchanga mto kwa mto. Na katika miaka ya 1990 shirika la SASOL lilianza kazi kama hiyo Kitui, likajenga mamia. Nenda siku ya kazi ukatazame. Wengi ni wanawake. Hupanga mstari kutoka ukingoni mpaka ukutani, jiwe hupita mkono kwa mkono, na nyimbo hazikatiki. Wengi wao waliwahi kuamka saa tisa za usiku kwenda kungoja zamu kisimani, mtungi mgongoni, kamba ya mtungi kwenye paji la uso. Mtu aliyepita njia hiyo miaka ishirini hahitaji kuhubiriwa faida ya ukuta.

Nisikudanganye ya kwamba kila ukuta hufaulu. Mashamba ya juu yasipokatwa matuta ya fanya juu, udongo mwepesi hushuka pamoja na mchanga, ukajaza ghala tope lisilotoa maji. Nimewasikia watu wakisifu ukuta kama kwamba ni dawa ya kila ugonjwa. Ukuta bila matuta ni nusu ya kazi.

Na je, mbio? Nchi hii ya mchanga na vilima imetoa wakimbiaji ambao dunia imewajua. Benson Masya wa Kitui alishinda nusu marathoni ya kwanza ya ubingwa wa dunia, mwaka wa 1992, kwa muda wa saa moja na sekunde 24. Cosmas Ndeti wa Machakos alishinda marathoni ya Boston mara tatu mfululizo, 1993, 1994 na 1995. Ile ya mwaka wa 1994 aliikimbia kwa saa 2, dakika 7 na sekunde 15, na kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyekimbia haraka kuliko hapo katika njia ile. Mwanawe aliyezaliwa siku chache kabla ya ushindi wa kwanza aliitwa Boston. Patrick Makau, naye wa Machakos, aliweka rekodi ya dunia ya marathoni mjini Berlin mwaka wa 2011: saa 2, dakika 3 na sekunde 38. Watu wakitaja wakimbiaji wa Kenya hutaja Bonde la Ufa, na ni haki; lakini hesabu isiyo na Ukambani imepungua. Sisemi ya kwamba mchanga ndio uliowafundisha. Nasema tu ya kwamba aliyezoea kukimbia Kaiti akivutwa mguu kwa kila hatua, barabara ya lami haimtishi.

Tumefika sasa mahali penye uchungu. Mchanga wa mto ambao Maher aliuona kuwa ni alama ya maangamizi umekuwa mali. Nairobi hukua, kila ghorofa hutaka zege, na kila zege hutaka mchanga. Mchanga wa jangwani haufai, maana upepo umezisugua chembe zake zikawa mviringo, hazishikani. Wa mtoni una pembe, hushikana vizuri na saruji. Taarifa ya Umoja wa Mataifa ya mwaka wa 2022 ilikadiria ya kwamba dunia hutumia tani bilioni 50 za mchanga na kokoto kila mwaka. Sehemu ndogo ya tani hizo hutoka katika mito ya Makueni, Machakos na Kitui, na mara nyingi hutoka usiku. Malori huingia mtoni na taa zimezimwa. Vijana wenye sepeto hupakia kwa haraka, hulipwa, malori huondoka kabla ya mapambazuko. Baada ya misimu kadhaa mwamba huonekana, kingo huporomoka, na visima vilivyokuwa na maji mwaka mzima hukauka mwezi wa Juni.

Wako watu waliouawa katika ugomvi huu, wengine wakiulinda mto, na miongoni mwao alikuwamo askari polisi. Mwaka wa 2015 Kaunti ya Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga na kusimamia matumizi yake, ikaweka mamlaka maalumu ya kazi hiyo. Ilikuwa sheria ya kijasiri. Lakini tumtazame kwa haki kijana yule mwenye sepeto. Si mgeni, ni mtoto wa jirani, pengine mamaye ni miongoni mwa wanawake waliopanga mstari siku ya kujenga ukuta. Amemaliza shule, hana kazi, na malipo ya usiku mmoja ni makubwa kuliko ya juma zima la kulima kunde. Yeye huona mchanga, na mamaye huona maji.

Wengi sasa hutazama Thwake, mahali mto huo unapokutana na Athi, ambapo mwaka wa 2018 ilianzishwa kazi ya kujenga bwawa kubwa lenye ukuta wa mita 80 hivi: ghala lenye uso wazi, kama yale ya Wales. Hilo litakuwa na historia yake. Lakini nyumba nyingi za Makueni ziko mbali na bomba, nazo bado hutazama mto wao mdogo wenyewe. Katika mito ambayo mchanga ungalipo utaona, mwezi wa Septemba, shimo lililozungushiwa matawi ya miiba ili ng'ombe wasiingie, na mtoto amepiga magoti ndani yake akichota kwa kata, akingoja maji yajikusanye tena, akichota. Katika mito iliyochukuliwa mchanga wake utaona ukuta umesimama peke yake, mkavu pande zote mbili, na punda wakipita kando yake na mitungi mitupu kuelekea mto mwingine.